Makopo ya Mama Mkwe

Mniite mlafi, nitaitika. Mama mkwe alivunjika taya, akaja kuuguzwa kwetu Ibadakuli. Mke wangu akanunua kwa Mhindi makopo ya maziwa yenye vitamini, yanayonywewa badala ya chakula, akaniachia mimi mkaa nyumbani nimpe moja kila mlo.

Nikaonja. Kuonja kukafika nusu kopo, nikajazia maji. Nani angejua? Kwa Wasukuma mkwe hatazamani na mkwewe. Kikombe chake nilikiacha nyuma ya pazia la chumba alicholala, nikatoweka.

Wiki ya pili mke wangu akauliza, “Baba Kulwa, mbona mama anakonda, na wewe shati halifungiki?”

“Ni hewa tu.”

Sauti ikapenya pazia: “Mwanangu, kilichovunjika ni taya, si masikio. Kila mlo namsikia mkwe anacheua kama ndama, ndipo kikombe changu kinakuja.”