Chupa Inayovuma Sikioni

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja chupa ya chai hata kabla ya saa nne. Bosi, mwenye duka la vyombo pale Karatu mjini, hakunigombeza. Aliinama, akaokota kipande, akanionyesha.

"Ona, binti. Vioo ni viwili, kimoja ndani ya kingine. Katikati wamenyonya hewa yote, joto likose pa kupita. Chupa iliyo nzima ukiitia maji yanayochemka, nje inabaki baridi." Halafu akaniachia amri moja: "Mteja akitaka kusikiliza, mwache asikilize."

Maana huku kwetu chupa hainunuliwi kwa macho. Mtu anafungua kizibo, anaweka mdomo wa chupa sikioni, anafumba jicho moja kama anayenong'onezwa siri. Ikivuma vuuu, ni nzima. Wateja wa kijiji cha Qurus hivyo, wa Buger hivyo hivyo. Zilizofundisha hayo ni chupa zetu nyekundu za shingo fupi. Zilivuma, na uji uliotiwa alfajiri jioni ulikuwa bado unaunguza ulimi. Basi watu wakaamini mvumo.

Mwaka wa pili nikapelekwa minadani, chini ya Msimamizi wa Mnada. Huyo alimshuku kila mtu. Hata mimi alinikagua mfuko.

"Anayekuja mara mbili bila kununua ni mwizi," aliniambia.

"Na anayekuja mara tatu?"

"Huyo ni ndugu yako."

Nilicheka. Lakini shuku ni kama mafua, inaambukiza. Ulipokuja mzigo mpya, nyekundu ile ile, shingo fupi ile ile, nilinyanyua chupa moja nikahisi ni nyepesi mno, kama ina kioo kimoja tu.

"Mkuu, nitie maji ya moto nijaribu?"

"Ukishaitia maji ni mtumba hiyo. Inavuma?"

"Inavuma."

"Basi."

Siku hiyo akaja Yeyo, mama wa Kimaasai anayeteremka kutoka upande wa Ngorongoro. Chupa yake ya miaka mingi ilikuwa imevunjika.

"Takwenya, Yeyo!" nilimwamkia kwa Kimaasai.

"Iko! Mwanangu, nisikilizie wewe. Sikio langu linajua mbuzi tu."

Nikasikiliza. "Inavuma, Yeyo."

Sikudanganya. Ila sikumwambia mkono wangu ulikuwa umehisi nini.

Mnada uliofuata alirudi na chupa ile kwapani, uso umekunjamana.

"Chupa yako nzuri," alisema. "Mke wa mwanangu ndiye mbaya."

Akanieleza. Kila alfajiri Nashipae, mkwewe huyo, anampikia uji, anamtilia kwenye chupa, yeye anaondoka na mbuzi. Ikifika saa sita uji umepoa kama maji ya mtoni.

"Ile ya zamani haikunifanyia hivyo hata siku moja. Nikamwambia, unanitilia uji wa jana. Akaapa. Nikamwambia chupa haisemi uongo, yule binti wa mnadani aliisikiliza mwenyewe! Juzi amebeba mtoto wake, amerudi kwa baba yake."

Nikaenda kwa mama lishe jirani, nikaazima birika.

"Binti, unafanya nini?" Msimamizi alifoka.

Nikamimina maji kwenye chupa ya Yeyo, nikafunga. "Shika tumboni, Yeyo."

Akashika, akatoa mkono haraka. Joto lilikuwa limeshafika nje.

"Lakini inavuma!"

Nikachukua kikombe kitupu cha mama lishe, nikakiweka sikioni mwake. Akasikiliza muda mrefu.

"Hata kikombe kinavuma?"

"Hata kikombe, Yeyo. Nilihisi chupa ni nyepesi, nikanyamaza. Nisamehe."

Akakaa chini. "Basi nimemfukuza mtoto wa watu kwa ajili ya kikombe."

"Vua aproni," Msimamizi akaniambia.

Nilimpa Yeyo chupa yangu mwenyewe, ya zamani. Akaikataa. "Naenda na hii hii kwa baba yake. Nitaitia maji ya moto mbele yao, wote washike."

Ndivyo nilivyostaafu nikiwa na miaka ishirini na sita. Msicheke. Sasa nina meza yangu hapo hapo mnadani, nabadilisha vioo vya chupa na mipira ya vizibo, na naota duka lenye birika mlangoni. Nikikaa peke yangu nawaza: kitu kizuri kinatuzoesha kuamini, kisha kibaya kinakuja na sura yake. Kikituangusha hatukishuku chenyewe. Tunamshuku aliyetupikia.

Mnada uliopita walikuja wawili, Yeyo mbele, nyuma yake mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni. Nikampa huyo kijana chupa niliyoibadilisha kioo. Hakuiweka sikioni.

"Wewe ndiye uliyesema inavuma?"

"Ni mimi."

Akanitazama mpaka nikainamisha macho. "Lete maji ya moto."

Akamimina mwenyewe, akafunga, akangoja. Kisha akaushika mkono wa mama mkwe wake, akauweka kwenye tumbo la chupa, akaushikilia pale.

"Baridi," alisema Yeyo, taratibu. Mkono hakuutoa.