Gari Lililowashwa kwa Rimoti

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na bidhaa za Dubai zilipoanza kumwagika Kariakoo, nilikuwa fundi umeme wa magari kwenye kibanda kimoja mtaa wa Gerezani. Ving'ora vya gari nilikuwa nimeshafunga viwili, na kimoja kilifanya kazi. Kwa hiyo nilijiita mtaalamu.

Mteja wangu mkubwa alikuwa mzee mmoja wa Ilala, ofisa wa shirika la umma hadi lilipofia mikononi mwake na mwa wenzake. Sasa aliuza vigae vya bafuni na kuwahubiria watu biashara huria kana kwamba ameibuni yeye. Siku moja akaniletea boksi la king'ora ambacho pia huwasha gari kwa rimoti. Alitaka akae barazani, abonyeze, majirani wasikie injini ikinguruma na ndani hamna mtu.

Kitu kile sikuwahi kukiona, ila sikusema. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya maelezo ya Kiingereza, nikamwomba anisaidie. Akavaa miwani, akaisoma yote kwa sauti, akipumzika vizuri kwenye kila nukta, kwa lafudhi aliyoiokota kwenye semina. Nilipomuuliza inasemaje, akanijibu ni mambo ya kawaida tu, fundi yeyote anayajua. Nikasema kweli, ni ya kawaida. Nikafunga.

Haikupita wiki, gari likaanza kulia ovyo. Lori likipita, linalia. Jirani akibamiza mlango, linalia. Nikailaumu betri, akanunua nyingine. Nikakilaumu kile kidude kinachosikia mtikisiko, nikakizungushia sponji la godoro. Likalia vilevile. Mwishowe nikamwambia ni hewa ya bahari, inaingia kwenye nyaya. Alilipenda sana jibu lile, hata akawa anawaeleza wageni.

Kisha wakaja watu wa posa ya binti yake. Mzee aliniita niwe karibu, lolote likitokea. Wageni walipoketi barazani, akaichomoa rimoti mfukoni na kuwaomba watazame gari. Sasa, gari lile lilikuwa la gia za mkono, na kwa kuwa breki ya mkono haikushika, alikuwa ameliegesha likiwa kwenye gia. Akabonyeza. Gari likaruka, likaruka tena, likapasua ua wa makuti wa jirani na kuzimikia mlangoni mwa bafu lake.

Jirani akatoka na kanga ya mkewe kiunoni, mapovu kichwani. Akalitazama gari, akamtazama mwenye gari.

"Mzee," akasema, "umeniletea vigae?"

Wageni walicheka mpaka mmoja akapaliwa soda. Mzee hakucheka. Mimi nilijibanza nyuma ya nguzo ya baraza.

Kesho yake tukaenda na gari Kariakoo kulalamika kwamba tumeuziwa kifaa kibovu. Mwenye duka alikuwa mama wa Kihindi, mtu mzima. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Akamsikiliza mzee mpaka mwisho, kisha akatoka nje, akaamuru boneti ifunguliwe, akaugusa waya mmoja mweusi.

"Waya huu wa arthi umeufunga juu ya rangi, haugusi chuma," akaniambia. "Gari likitikisika kidogo, umeme unakatika, king'ora kinadhani ni mwizi. Litaacha vipi kulia?"

Akaomba ile karatasi. Akaipitia kwa kidole, akasimama katikati.

"Na hapa wameandika gari la gia za mkono lisifungwe kifaa cha kuliwasha kwa rimoti. Hakuna aliyesoma?"

"Nilisoma mimi," mzee akajibu. "Fundi hakusikiliza."

Nilichemka. Nilitaka kubisha, lakini ningebisha ningelazimika kukiri kwamba nilisikia kila neno na sikuelewa hata moja. Nikainamia boneti, nikaikwangua rangi mpaka chuma kikaonekana, nikafunga waya upya. Kifaa cha kuwashia nikakichomoa, nikabakiza king'ora.

Binti aliolewa. Upande wa bwana harusi walisema familia yenye kichekesho kama kile haiwezi kuwa mbaya. Gari nalo likatulia, malori yakapita na lisishtuke. Nilitegemea shukrani, lakini baada ya siku chache mzee akaja kibandani amekunja uso. Alilalamika kwamba sasa hakuna mtu Ilala anayejua kama gari lake lina king'ora.

Nikamwambia akitaka lilie, alipige teke tairi. Na kweli, kila alasiri akawa anashuka barazani, anatazama kama kuna mtu anayepita, kisha analipiga.