Kaburi la Kuazima

Stamena alikuwa mjane asiye na kaburi, na kijijini kwetu milimani hilo ni balaa kuliko ujane wenyewe. Mumewe Grozdan, mtoto wa milima aliyejitia ubaharia, alizama na meli ya mizigo, hata kofia yake haikurudi. Ikifika Jumamosi ya Wafu, wanawake tunachukua ngano iliyochemshwa na sukari, mkate na divai, tunakwenda makaburini. Unammwagia marehemu wako divai, kisha unagawa ngano, na kila anayeonja anasema Mungu amsamehe. Stamena alisimama langoni akionja za wenzake, yake hakuipika. Angemwaga wapi? Padri alimwambia amwage penye msalaba wowote. Akamjibu kwamba Grozdan hakuwa mtu yeyote tu.

Halafu wakaja wachimbaji wa mambo ya kale kufukua kilele cha mlima, pale Wathraki, watu wa kale wa milima hii, walipoliabudu jua kabla ya Ukristo. Stamena akaajiriwa kuwapikia. Chini ya madhabahu yao kulikuwa na kaburi lililochongwa mwambani, wezi wa kale walilikomba likabaki tupu. Jumamosi ya Wafu akapanda huko na divai na sufuria yake ya ngano.

"Kaburi halina mtu, na mtu wangu hana kaburi," alimwambia Ruska, jirani yetu mwenye ulimi wa upupu. "Wewe unakereka nini?"

Ruska akakitangazia kijiji kizima kwamba Stamena kaolewa na Mthraki. Tulicheka, tena sana. Padri naye akakataza mtu yeyote kuingia kaburi la wapagani, kwa hiyo hakuna aliyemfuata Stamena. Akawa anamwaga peke yake na kula ngano yake peke yake, na ngano isiyoonjwa na wengine, kwetu sisi, haimfikii marehemu. Nilimhurumia, lakini nilibaki chini na wenzangu.

Mwaka huu wezi walianza tena kunyemelea mlima, kaburi likawekwa lango la chuma. Stamena alilia juu ya maharage ya wachimbaji mpaka mkuu wao, Daktari Vangelova, akamshika mkono akampandisha juu ya mwamba. Kule Wathraki walichonga karai, na kutoka kwenye karai mfereji mwembamba unaopenya jiwe hadi kaburini.

"Wenyewe waliuweka kwa ajili ya divai, Shangazi," alisema. "Lango nimelifunga mimi. Mfereji sina ruhusa ya kuugusa, wala sitaki."

Jumamosi ilipofika, tulikuwa bado makaburini tulipomwona Stamena akipanda na sufuria. Ruska akafunga kitambaa chake, akachukua kijiko.

"Padri kakataza kuingia ndani," alisema. "Kukaa juu ya jiwe hajakataza."

Tukamfuata, wengine tukihema kama mbuzi wazee. Stamena alipotuona alifunua sufuria akaanza kugawa. Tulionja, tukasema Mungu amsamehe Grozdan. Ruska akakinga kiganja tena.

"Ongeza, shoga. Alikuwa bahili akiwa hai, asituanzie tena."

Stamena alicheka huku machozi yanamtoka. Kisha akamimina divai kwenye karai, sote tukainama kusikiliza. Ilichelewa. Halafu kule chini gizani ikaanza kudondoka.

"Amepata," alisema Stamena.