Inzi Waliokula Sukari Yetu

Siku ya kwanza harufu ilinipokea kabla sijafungua mlango. Ilikuwa ya ndizi zilizooza na hamira iliyochacha, na chini yake kitu kingine kama soksi zilizolala na maji. Nyumba ilikuwa nje kidogo ya Karatu, karibu na barabara inayopanda Ngorongoro, jengo la mawe lililoachwa na mkulima wa ngano. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nimeolewa karibuni, na niliomba kazi ya msaidizi wa maabara nikidhani nitavaa koti jeupe na kunusa spiriti.

Mwenye kazi alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Bukoba. Tulimwita Daktari, ingawa hakutibu mtu. Alinipeleka kwenye rafu zilizojaa chupa za maziwa, kila moja imezibwa kwa pamba. Ndani walikuwamo inzi wadogo wa matunda, wale wanaozengea ndizi mbivu jikoni. Chini yao kulikuwa na uji mzito, na katika uji ule mabuu yalikuwa yakichimba na kupandana, mengine yamepanda ukuta wa chupa na kujigandisha hapo. Niliangalia pembeni.

"Utazoea," alisema.

Sikuzoea. Ila alinieleza vizuri sababu ya kazi yenyewe, na hilo sitamnyima. Huko Nainokanoka, kwenye vijiji vya wafugaji juu Ngorongoro, alikuwa ameona ng'ombe waliokonda nyasi zikiwa tele, weusi wao umegeuka rangi ya kutu, kwa sababu miili yao ilipungukiwa shaba. Lakini katika boma lilelile, kwenye malisho yaleyale, wengine walinawiri.

"Nafikiri wengine wamerithi mwili unaojua kuyashika madini yanapopungua na kuyatoa yanapozidi," alisema. "Wengine hawakurithi. Ng'ombe nitamsubiri miaka hadi nione wajukuu wake. Inzi ananipa wajukuu mvua hizi hazijakatika."

Kwa hiyo kila asubuhi nilipika uji wa inzi: unga wa mahindi, sukari, hamira, na unga wa mwani wa kuugandisha. Chupa nyingine niliziacha hivyohivyo. Nyingine niliziongezea maji ya mrututu, ile dawa ya buluu ya shaba ambayo wakulima walinyunyizia kahawa. Kisha tulingoja kuona nani ataishi. Waliokufa niliwakausha, nikawasaga kwenye kinu kidogo cha kaure, nikawachoma mpaka wakawa majivu, ili majivu yapelekwe Dar es Salaam kupimwa shaba iliyobaki ndani yao. Inzi wakiungua wananuka kama nywele. Moshi ule uliingia kwenye kitenge changu na hata sabuni ya mche haikuutoa.

Halafu nikapata mimba. Tumbo ambalo lilikuwa linavumilia likakataa kabisa. Nilikuwa nakoroga uji, natoka nje kutapika kwenye michongoma, narudi kukoroga. Nyumbani sikuweza kula kitu chochote laini. Nikiona punje ya wali inatikisika kwenye kijiko, niliona buu.

Jumamosi moja mama mkwe alinijia na wanawake wawili wa usharika wetu. Walikaa, wakakataa chai, na yule mwenyekiti wao, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini, akaanza kwa upole.

"Binti, sisi ni mama zako. Watu wanasema ukipita wananusa pombe. Na wewe una mtoto tumboni."

"Sinywi, mama."

"Basi harufu hiyo inatoka wapi?"

Ningeweza kueleza, lakini nilikuwa nimechoka na nilitaka waione wenyewe. Niliwaambia tutembee. Tulifika, Daktari akatufungulia kwa furaha, kwa maana hakuwa akipata wageni. Akamshikisha mwenyekiti chupa mkononi. Yule mama aliisogeza karibu na macho, akaona ukuta wa kioo unavyotambaa, akairudisha mezani taratibu sana na kujifuta mkono kwenye kanga. Mwingine alikuwa amekwishatoka nje, nikamsikia anatema mate.

Mama mkwe hakuwa anatazama chupa. Alikuwa anatazama gunia lililoegemea ukuta.

"Hii ni sukari?" aliuliza.

"Ndiyo, mama," alisema Daktari. "Ya chakula chao."

Wakati huo sukari ilikuwa haionekani Karatu. Ukisikia imeletwa duka la ushirika, unaacha jembe shambani na kukimbilia foleni, na mara nyingi unafika imekwisha. Mimi nilikuwa nachota kutoka gunia lile kila siku, na nyumbani nilikuwa sijasema neno. Daktari aliipata Arusha kwa kibali.

"Sukari mnawapa inzi," alisema mama mkwe.

Daktari akaanza kueleza habari za ng'ombe na za madini. Alieleza kwa Kiswahili safi, bila haraka. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mjukuu wangu anakunywa uji wa chumvi."

Niliona Daktari anaangalia gunia, na nilijua anapima kichwani. Mwishowe alisema, "Nikianza kuigawa, kazi itakufa. Nisameheni." Alisema kweli, na bado nilimchukia. Wakati tunarudi, harufu ya chupa ilikuwa imehamia kwake, kwa kibali chake, na kwa mikono yangu iliyochota.

Tangu hapo mama mkwe alinitengea sahani. Hakunikataza kupika, ila nilipougusa unga, alikwenda kula kwa jirani.

Daktari alikuwa safarini Dar es Salaam wakati utitiri ulipoingia. Kwanza niliona vumbi la kijivu kwenye pamba za chupa. Nikalitazama kwa darubini, likawa linatembea. Vijidudu vyenyewe vilikuwa vimeng'ang'ania matumbo ya inzi kama kupe, na mayai ya inzi yalikuwa yametobolewa na kunyonywa. Nilianza kujikuna hapohapo na sikuacha kwa wiki nzima. Mume wangu alivumilia, kisha akaniomba nilale kwenye mkeka mpaka niwe safi. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nisingelala na mimi.

Daktari aliporudi tulichemsha karibu kila kitu kwenye pipa uani, chupa na uji na mabuu pamoja. Povu lilipanda la rangi ya kahawa ya maziwa, na yeye, ambaye hakuwahi kukunja hata pua, aliegemea ukuta na kutapika. Nilimletea maji. Alinawa uso, akasema, "Sasa tunaanza upya," na tukaanza, kwa chupa chache zilizokuwa safi katika chumba cha nyuma.

Na kazi ilikubali. Daktari aliwaozesha inzi wa ukoo uliokuwa ukifa kwenye mrututu na wale wa ukoo uliokuwa ukiishi. Watoto wote waliishi kwenye uji wa buluu, wakanenepa. Watoto hao walipozaana wenyewe kwa wenyewe, wajukuu ndio walioanza kufa, si wote, kama mmoja kati ya wanne. Kasoro ilikuwa imejificha ndani ya wazazi wao walioonekana wazima.

"Umeona?" alisema Daktari, macho yamelowa. "Ni jeni moja. Moja tu."

Niliona, na nilielewa. Niliweka mkono tumboni, nikafikiria kilichojificha ndani yangu na ndani ya mume wangu, na kichefuchefu kikanishika upya, safari hii bila harufu yoyote.

Nilijifungua salama, mtoto wa kike. Mtoto alipokuwa anaanza kukaa, Daktari alikuja kutuaga. Utafiti ulikuwa unahamia Dar es Salaam, na alitaka niende naye, anifundishe zaidi. Alikuwa amebeba mfuko wa karatasi wenye sukari iliyobaki kwenye gunia la inzi. Mama mkwe aliupokea, akamshukuru kama inavyopasa, akamkaribisha kiti.

"Utakuja?" Daktari aliniuliza.

"Hapana, Daktari."

Alinyoosha mikono ampakate mtoto. Nilizitazama kucha zake, nikayakumbuka mabuu, nikamwambia mtoto ana usingizi.

Alipoondoka, mama mkwe alikwenda na ule mfuko mpaka nyuma ya zizi akaimwaga sukari yote, kisha akanawa mikono kwa sabuni ya mche.