Sisimizi kwenye Chupa ya Anyesi

Wakuu, nimewahi kuona sisimizi wakifuata sukari, asali, hata soda iliyomwagika. Lakini mwaka 1994, hapahapa Dodoma, niliwaona wamepanga foleni kwenye chupa ya mkojo wa binti yangu.

Nikacheka. Ningejua, nisingecheka.

Turudi nyuma kidogo.

Zama zile za ruksa kila mtu alikuwa mfanyabiashara. Mimi, Silvano, nilikuwa nauza mitumba. Nimepanga Ipagala na mke wangu Lydia na binti yetu Anyesi, miaka minne, mdomo miaka arobaini.

Masika ile tulimpeleka kwa bibi yake mzaa mama, Mama Dorkasi, kule Chamwino. Bibi ana ng'ombe. Kila asubuhi anakamua, anampa mjukuu palepale, maziwa yana joto la kiwele, povu mpaka puani.

Siku tunamfuata, Lydia akauliza, "Mama, huyachemshi?"

"Wewe nilikuchemshia? Mbona ulikua mpaka ukaolewa?"

Tukacheka wote. Mimi nikaomba na kikombe changu.

Wiki haikuisha, Anyesi akaanza kuhara. Siku ya pili, damu. Tukampa maji ya chumvi na sukari, kuhara kukakata, tukamshukuru Mungu.

Kumbe ndiyo kwanza mambo yanaanza.

Mtoto akapauka. Macho yakavimba. Halafu Lydia akashtuka: tangu jana godoro kavu! Anyesi huyu huyu, kikojozi wa kutupwa!

Mbio hospitali.

Daktari alikuwa kijana mwembamba, anaitwa Jamaldini, anaongea taratibu mpaka unataka kumsukuma. Akapima damu, akatuita pembeni.

"Amekula nini? Nyama isiyoiva? Maziwa mabichi?"

"Maziwa, dokta," Lydia akasema.

"Kuna kijidudu cha tumboni kinatoa sumu. Sumu ikiingia kwenye damu, inavunja chembe za damu na kuziba figo. Figo zake zimegoma."

"Zimegoma moja kwa moja, dokta?"

"Kwa watoto wengi zinarudi kazini zenyewe. Kazi yetu ni kumlinda asife kabla hazijarudi."

"Sema tufanye nini, dokta," nikamwambia.

Akatoa masharti. Mtoto aongezewe damu, nikatoa mimi. Mkojo wote, hata tone, uingie kwenye chupa moja ya plastiki iliyokuwa na juisi ya Uarabuni.

"Anachotoa ndicho kitaniambia nimpe maji kiasi gani. Siku tatu zikipita chupa tupu, nampa rufaa Dar, kwenye mashine ya kusafisha damu."

Lydia alikuwa na mimba ya miezi minane, kwa hiyo aliyelala wodini ni Mama Dorkasi. Alikuja na kitenge chake, kikombe chake na kiu yake. Yule mama alikuwa anakunywa maji! Akimaliza kikombe, anaomba kingine.

Siku ya kwanza, chupa kavu. Siku ya pili mchana nafika, chupa ina mkojo karibu nusu!

Daktari alifurahi mpaka akaongea haraka. "Figo zimeamka! Mwongezeeni maji."

Nikarudi nyumbani nikiimba.

Siku ya tatu nakuta uso wa Anyesi umeumuka kama andazi. Anapumua kwa shida. Kuniita "baba" tu anapumzika katikati. Na chupa? Ina mkojo wa kutosha, na chini yake ndio hao sisimizi, mstari mmoja kutoka dirishani.

"Dokta," nikasema kwa kicheko cha mtu aliyechanganyikiwa, "mkojo wa binti yangu una wateja."

Jamaldini hakucheka. Akachovya kijiti cha kupimia kwenye chupa, kikabadilika rangi. Akamtoboa Anyesi kidole, akapima sukari. Akarudia.

"Mkojo huu umejaa sukari. Damu ya mtoto haina tatizo la sukari." Akainua kichwa. "Huu mkojo ni wa nani?"



Mama Dorkasi akaweka kikombe chini.

Sasa wakuu, kwetu Wagogo mama mkwe hata kumtazama usoni unaona haya, sembuse kujadili mkojo wake! Nikageukia ukuta.

"Ni wangu," akasema. "Baba yake Lydia alipewa rufaa akiwa anatembea. Karudi kwenye sanduku. Nikasema chupa ikijaa, hamtampeleka."

"Mama, kwa sababu ya chupa hiyo nimemjaza mtoto maji asiyoweza kuyatoa."

Yule mama alilia. Mimi nilikuwa na hasira, nisiwadanganye. Lakini nikakumbuka kikombe nilichoomba Chamwino, nikaimeza.

Dripu ikakatwa. Rufaa ikaandikwa, gari kesho asubuhi.

Asubuhi gari liko mlangoni, linaunguruma. Mama Dorkasi amempakata mjukuu kwa mara ya mwisho, machozi yanamtoka. Ghafla akaruka na mtoto mkononi.

"Ni wake! Jamani huu ni wake! Mimi sijafanya kitu!"

Kitenge chote kimelowa. Muuguzi akawahi na kopo, akakinga uliobaki.

"Mama," Jamaldini akasema, "nisamehe, lakini wewe sikuamini." Akachovya kijiti.

Kikaonyesha damu kidogo. Sukari hakuna.

Gari lilizimwa. Anyesi akakojoa siku ile nzima, nasi tukampigia makofi kila tone. Wiki mbili baadaye tukarudi naye Ipagala, mdomo wake uleule.

Na Mama Dorkasi? Alipimwa siku hiyohiyo. Kisukari, tena cha muda mrefu. Daktari alisema angechelewa kidogo tungemzika. Akaanza dawa, akaishi miaka kumi na sita mingine, na kila akimwona Anyesi anasema, "Huyu kaniponya kwa kukataa kukojoa."

Leo Anyesi ana watoto wawili, na maziwa anayachemsha mpaka yanaungua. Ukimlalamikia anakujibu, "Baba, kunywa."

Nanywa.

Wazazi wenzangu, chemsheni maziwa. Na daktari akiuliza, mwambieni ukweli, hata kama mnaona aibu. Sisi uongo wa mapenzi nusura utuzikie mtoto, na waliotuokoa ni sisimizi.