Dhamana ya Gari la Baba

Siku hizi vijana wa kwetu wakitaka kununua gari la kwanza huja kukaa barazani kwangu na kuzungumza mbele yangu kana kwamba mimi ni kiziwi. Wanataja mikopo, riba, marejesho ya kila mwezi. Wanabishana kuhusu injini na matairi. Nawaacha wamalize, kisha nawauliza swali moja tu: umeweka dhamana gani, na hiyo dhamana ni ya nani? Wao hucheka. Mimi sicheki, kwa sababu dhamana ya gari la kwanza kuingia katika ukoo wetu nilikuwa mimi mwenyewe.

Baba alitamani gari tangu ujana wake, alipokwenda Uganda kufanya kazi katika mashamba ya miwa na kujifunza kuendesha huko. Tuliishi Ntobeye, katika kijiji cha ujamaa, nyumba zikiwa zimepangwa mistari, migomba yetu ya zamani tumeiacha mlimani. Mazao yalitoka kijijini kichwani au kwa baiskeli. Basi aliposikia kwamba mjenzi mmoja Mzungu pale Rulenge anarudi kwao na anauza pikapu yake, hakutulia tena.

Ushauri alipata wa kutosha. Fundi alimwambia asikilize giaboksi gari likipanda mlima, halafu alale chini atazame chesisi. Rafiki yake mwenye duka alimshauri atoe nusu kwanza, nusu nyingine baada ya kuuza kahawa. Mzungu akasema anataka fedha zote, maana anaondoka. Ndipo baba alipowatazama ng'ombe waliokuwa zizini, na hao walikuwa ng'ombe wa mahari yangu.

Nilikuwa nimeolewa Murukulazo miezi michache tu. Katika ukoo wetu ng'ombe wa mahari hawauzwi kabla binti hajazaa na mtoto wake hajaanza kutembea. Ndoa ikivunjika mapema, ng'ombe lazima warudi kwa mume, na wasiporudi, binti naye harudi. Hilo hata watoto wachungaji walilijua. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuja kwa miguu kumwonya.

"Ng'ombe hao ndio njia ya mtoto kurudi nyumbani," alimwambia. "Ukiwauza, akipata shida atapita wapi?"

Baba alijibu kwamba mkwe wake ni mtu mpole, na kwamba gari litaleta ng'ombe upesi kuliko ng'ombe wanavyozaa. Akawauza, akanunua pikapu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga. Walisahau kusema kwamba mara nyingine guu linalovunjika ni la mtoto wake.

Mpole alikuwa kweli, mbele za watu. Nyumbani alinipiga, chumvi ikizidi, chumvi ikipungua. Nyumba zile za kijiji zilikaribiana mno, jirani akikohoa unamsikia, kwa hiyo kabla ya kunipiga aliinuka kwanza kufunga mlango, taratibu, kama mtu anayezuia vumbi. Mpaka leo siipendi sauti ya komeo. Aliogopa mashahidi. Jirani angesikia, baba angelipeleka jambo hilo mbele ya wazee na kunichukua, na yeye alijua baba ana gari. Mwenye gari hakosi ng'ombe wa kurudisha.

Nilikimbilia kwetu mwezi ule ule habari za vita na Uganda zilipoanza kusikika redioni. Nilifika jicho limevimba. Mama alilia. Baba alitoka nje, nikamfuata, nikamkuta amesimama kando ya pikapu, mkono juu ya boneti.

"Ng'ombe wako ndio hawa, mwanangu," akasema. "Nipe msimu mmoja. Nibebe maharage ya watu mpaka Biharamulo, ninunue wengine, halafu nije kukuchukua."

Akanirudisha Murukulazo kwa gari hilo hilo. Nilikaa mbele, kwenye kiti kilichochanika sponji, na kila mlima nilisikiliza giaboksi kama yule fundi. Nililichukia gari lile na kuliombea uzima kwa wakati mmoja. Mume wangu alitupokea kwa heshima zote, akalizunguka, akapiga matairi teke. Baba alimwambia waziwazi kwamba akisikia jambo tena atakuja kumrudishia ng'ombe wake. Kwa muda kipigo kikapungua.

Lakini vita vilizidi. Malori ya jeshi yalielekea kaskazini, na watu walinong'ona kwamba magari ya watu binafsi yanakusanywa kubeba askari na chakula. Wenye akili waliyafungua matairi na kuyaficha magari yao ndani ya migomba. Shangazi alimtumia baba ujumbe afanye hivyo hivyo. Baba akajibu kwamba msimu wa maharage haumngoji mtu. Alikimbizana na wakati kwa ajili yangu, najua, na hilo ndilo linaloninyima hata raha ya kumchukia. Mimi kila jioni nilikaa nje na ungo wangu, nikisikiliza upande wa barabara.

Alikuja mchana mmoja, kwa miguu. Tangu anunue gari hakuwahi kuja kwangu kwa miguu. Nilimtambua kwa mbali kwa mwendo wake, suruali imejaa matope, na kabla hajafika nilikwisha kuelewa.

Mume wangu alimpa kigoda na pombe ya ndizi. Baba alieleza akitazama chini. Karibu na Biharamulo palikuwa na kizuizi. Askari aliyemsimamisha alikuwa kijana mwenye adabu, alimwamkia shikamoo, akamsaidia kushusha magunia, kisha akaomba ufunguo. Alisema nchi iko vitani, gari litarudi tukishinda.

"Pole sana, baba," mume wangu akasema. "Vita ni vita."

Nilimsindikiza baba mpaka mwisho wa mstari wa nyumba. Aliniomba msamaha. Nilikuwa na hasira, na hasira ile sijaimaliza. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini siku ile niliona wa kwao ndiye anayeachiwa sahani nzima.

Tulishinda vita vile, nami nilipiga vigelegele na wenzangu. Gari halikurudi. Lakini mimi sikuhitaji kungoja mwisho wa vita ili nijue. Nilijua siku ile ile, niliporudi ndani baada ya kumsindikiza baba. Mume wangu aliinuka kwenye kigoda, akanijia, na mlango akauacha wazi.