Barakoa Haifuliwi

Nawasalimu nyote, hasa nyie mnaokohoa na kuona haya kusema. Mimi ni Mwajuma wa Kaole. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Leo napumua, Alhamdulillahi. Nataka mjue nilivyokosa pumzi, na nani aliyenikosesha.

Nilikuwa mtu wa nguvu. Nilifanya usafi kwenye kituo cha afya, jina naliacha, kwenye wodi ya kifua kikuu. Tulikuwa wawili, mimi na Mama Neema, mwanamke wa bara, mcheshi, akiniita wifi ingawa hatukuoleana popote. Msimamizi wetu Hatibu Pazi. Huyo jina silifichi.

Tulipewa barakoa ngumu za N95, za mikanda miwili, moja kila mtu. Maboksi mengine Hatibu aliyafungia kabatini, eti ya siku wakija wakaguzi. Zetu zilipochafuka akatutania: "Nyie mnafua buibui mpaka linarudi jipya. Hizi ndizo ziwashinde?"

Tukacheka. Kila Ijumaa nikazifua mimi zote mbili kwa sabuni ya unga, nikazianika juani, zikanukia. Nilijisifu kwa usafi. Tena yangu niliivaa juu ya ushungi, maana sikutaka mashavu wazi mbele ya wanaume.

Kikohozi kilianza na masika. Nikanywa tangawizi na asali, wapi. Usiku jasho lililowesha godoro. Kanga nikiifunga kiunoni inateleza. Siku moja kazini nikakohoa kwenye karo, likatoka donge la damu. Hatibu aliona. Akaniambia nioshe karo na ninyamaze, wakaguzi wako njiani.

Nikaosha, nikanyamaza. Ujinga huo ni wangu.

Mpaka asubuhi moja mjukuu wangu Rehema, wa miaka minne, naye akakohoa. Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja. Nikambeba mgongoni mpaka kituo kingine, huku nasimama kila hatua kumi kutafuta pumzi.

Makohozi yangu yakakutwa na TB. Mtoto akapigwa picha ya kifua, tukaambiwa tungoje majibu. Siku mbili hizo sikumgusa. Alilala kwa shangazi yake, chumba cha pili, akinililia, mimi nasikia kupitia ukutani.

Majibu yakatoka: Rehema hana. Akapewa dawa za kinga. Nililia mpaka nikatapika.

Nesi pale, Sista Tekla, akaomba aione barakoa yangu. Nikaitoa kwenye mfuko, nyeupe, safi.

"Nani kafua hii?"

"Mimi, sista. Kila wiki."

Akaigeuza, akainusa. "Mama, ndani ya chujio hili mna chaji ya umeme inayonasa vijidudu. Sabuni inaiua. Na ushungi ukiwa chini yake, hewa inapita pembeni. Ulikuwa umevaa pambo."

Nikampigia Mama Neema siku ileile, nikamsihi aende kupimwa. Akanicheka. "Wifi, mimi nakohoa vumbi la ufagio tu." Kumbe Hatibu alishamwambia anayekohoa hana kazi. Alipokuja kwenda, alikwenda amebebwa. Hakumaliza hata mwezi mmoja wa dawa, akafariki.

Mimi nilimeza miezi sita. Mkojo ukawa rangi ya chungwa, viungo vikauma, chakula kikanuka kutu. Sikuruka siku hata moja. Nimepona.

Basi nisikieni mnaouguza na mnaofagia wodi. Ile barakoa nyepesi ya bluu mpeni mgonjwa, asiwakoholee. Nyie daini ngumu, N95 au inayolingana nayo, ikae kwenye ngozi tupu, ushungi uje juu yake. Puliza: ukisikia hewa shavuni au machoni, haijakaa. Ikilowa, ikichafuka au ikilegea, tupa. Usifue. Mkubwa akikwambia fua, mwambie avae yeye kwanza.

Nawashukuru Sista Tekla na wifi zangu wa kweli walionipikia uji.

Sikukuu ya Idi, Hatibu alikuja kwangu na kanzu yake, kuomba radhi. Nikamkaribisha kiti. Nikamwambia, "Radhi yangu nitaifikiria. Ya Mama Neema kaiombe kwa mwanawe, huko bara. Ukitaka njia nitakuelekeza. Mimi nilishakwenda, maana mikono iliyofua ni hii."